Kabla ya Ushuhuda Wako

Durban, Jumamosi mchana, Januari 2015

Furaha mwanangu,

Mama yako anakusuka huko saluni, na namjua mama yako: rasta nyembamba kama hizo ulizotaka hazimaliziki chini ya saa tano. Mdogo wako Esther amekwenda kuwatazama. Basi nyumba nzima ni yangu, na meza yetu ni yangu, na kalamu niliyoshika ni ya bluu, kwa sababu ile nyekundu leo sithubutu kuishika.

Sitakuambia habari za kufunga mlango, wala za chakula, wala za wavulana wa Johannesburg. Hayo mama yako ameyasema tangu Krismasi, na mengine ameyaandika kwenye karatasi akaichomeka katikati ya nguo zako, kwa hiyo usishtuke ukiikuta. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka sita, na nakuomba ulisome leo jioni, kabla watu wa kanisa hawajafika kwa maombi ya kukuaga.

Jana asubuhi nilikuwa jikoni nikakusikia bafuni. Ulikuwa ukifanya mazoezi ya ushuhuda utakaoutoa leo. Ulisema hivi: "Bapendwa, mimi nilianguka mtihani. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, shule ya Sydenham ikanikatala. Lakini papa yangu hakunikatala. Alinifundisha ye mwenyewe pa meza, na leo niko naenda kusomea bualimu." Ukarudia lile neno la papa, yaani mimi baba yako, safari hii kwa sauti ya kutulia zaidi, kama nilivyokufundisha kusoma mbele ya watu. Nikazima jiko, nikashuka ngazi zote tatu, nikaenda kukaa kwenye ukuta karibu na mapipa ya taka. Ndiyo maana uji uliukuta umeganda.

Hukuanguka, Furaha. Mtihani ule ulifaulu. Shule ilikukubali, ikaandika barua, na barua yenyewe nilipewa mimi mkononi. Nilikudanganya.

Mistari hiyo mifupi imenichukua karibu nusu saa. Kama unataka kuacha kusoma hapa, acha, utakuwa na haki. Kama unaweza kuendelea, nitakueleza ilivyokuwa, na nitajitahidi nisijipambe.

Unaukumbuka mwaka 2008, wageni walipokuwa wakipigwa na kufukuzwa. Niliwatoa shuleni wewe na Esther, nikasema ni wiki mbili tu. Hofu ile ilikuwa ya kweli na siionei aibu. Wazazi wengi wa kwetu walifanya vivyo hivyo. Lakini ndani ya zile wiki mbili kitu kilinipata. Nilichora ratiba, nikaibandika juu ya friji, nikakaa upande mmoja wa meza na nyinyi upande wa pili, na ghafla nikawa mwalimu tena. Kule kwetu Bukavu, Kongo, nilikuwa nasimama mbele ya watoto hamsini. Hapa nilikuwa mtu wa kulinda magari kwenye maegesho ya maduka, kule Westville: fulana ya kung'aa, kumwonyesha mtu jinsi ya kurudi nyuma, kupokea sarafu dirishani na kusema asante. Nyinyi niliwaambia nafanya kazi ya ulinzi. Mlifikiri nina ofisi na simu ya mezani, nami niliwaacha mfikiri hivyo. Fulana niliivalia kazini, na nikirudi iko ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, chini kabisa.

Hali ilipotulia mama yako akasema sasa inatosha, watoto warudi shule. Wewe ulikuwa unatakiwa kuanza sekondari Januari. Tukasikia habari ya ile shule ya Sydenham, kwamba inapokea hata watoto wa wageni, ila kuna mtihani wa kuingia. Ukaenda ukafanya. Ulirudi umechafuka wino hadi kwenye kidevu, ukaniambia, "Papa, ile hesabu ya mwisho ya mafungu, ya robo na thuluthi, nimeiweza."

Mwezi wa kumi nilikwenda kuchukua majibu. Nilivaa koti langu la kahawia la Bukavu na tai. Katibu wa shule, mama mmoja mpole sana, alinipa bahasha na kunishika mkono, akasema mtoto wako amefanya vizuri, tunamngoja Januari. Niliisoma ile barua pale pale koridoni, mara mbili. Nilitoka nje nikiwa mrefu kuliko nilivyoingia.

Langoni kulikuwa na magari yanatoka. Moja likasimama karibu yangu, kioo kikashuka, na ndani yake alikuwa mama mmoja ninayemlindia gari kila Jumamosi. Akanitambua. Pengine alifikiri siku hizi nalinda na hapo. Hakuwa na ubaya wowote, hilo uliweke moyoni. Alitabasamu, akasema, "Eish, my friend, uko hapa pia?" kwa Kiingereza chake, akatoa sarafu. Na mimi nikaipokea. Mkono ulinyooka wenyewe. Nikiwa na koti na tai, na barua yako mfukoni, mbele ya wazazi wengine, nilipokea sarafu nikasema, "Thank you, madam." Kwenye kiti cha nyuma alikuwepo binti yake, rika lako, amevaa sare ya shule ile, ananitazama.

Nilitembea kwa miguu kutoka Sydenham mpaka nyumbani Berea. Njiani sikufikiria hesabu zako wala kidevu chako chenye wino. Nilimfikiria yule binti. Niliwaza jinsi atakavyokuonyesha kwa wenzake, baba yake ni yule wa parking, na jinsi utakavyorudi nyumbani ukinitazama kwa macho mengine. Nilijiambia nakulinda wewe. Furaha, nilikuwa najilinda mimi. Nimekuwa na miaka sita ya kulichunguza jambo hili na kila nikilichunguza jibu ni hilo hilo.

Mlango uliufungua wewe. Nikakuambia, "Haukupita, mama. Lakini usilie, nitakufundisha mimi mwenyewe."

Hukulia mbele yangu. Uliuliza tu, "Hata ile ya mafungu?" Hapo ndipo pabaya zaidi kuliko pote, na ningeweza kuparuka kwa sababu hakuna mwingine ajuaye. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Ile hasa. Ulikosea." Sikuwa hata nimeiona karatasi yako. Mimi, mwalimu mwenye diploma, nilimwambia mtoto kwamba jibu lake sahihi ni kosa.

Ukakaa kwenye kona ya kitanda na daftari, ukaanza kuzifanya hesabu za mafungu. Ulizifanya mpaka Krismasi. Kila nikikuwekea alama ya vyema uliniuliza, "Papa, uko na hakika?"

Mama yako naye nilimdanganya, nikamwambia hukupita, tujaribu mwaka ujao, na Esther abaki nawe nyumbani kwanza. Na mwaka ujao ulipofika hatukujaribu, kwa sababu shule yetu ya mezani ilikuwa imeshanoga. Hilo ndilo linalonitia aibu ya namna nyingine. Ningekuambia kwamba miaka ile niliteseka ungenihurumia, lakini ungekuwa uongo mwingine. Nilikuwa na raha. Nafikiri hata wewe ulikuwa nayo, na sijui sasa utaifanyia nini.

Nakumbuka ile Juni mama yako alipopigiwa simu kwamba nyavu zinavutwa ufukweni, sardini wamefika. Tulikuwa katikati ya imla. Uliangusha kalamu kabla sijasema nukta. Tukachukua ndoo ya kupigia deki, tukateremka mbio, na pale ufukweni mama wa kila kabila walikuwa wamepandisha sketi mpaka magotini, wanachota samaki kwa mikono. Mama yako akawaita sambaza wa Durban, akasema wamekula wakanenepa kuliko wa kwetu ziwani. Taxi zote zilitukatalia ndoo. Esther alikuwa ameficha samaki wawili kwenye kofia ya sweta, na dereva wa mwisho alipomnusa akatuambia, "Hapana, hapana, tembeeni." Tukapanda kilima kwa miguu, tukipokezana ndoo. Kesho yake niliwafanya mpime samaki kwa rula na kuchora mapezi, nikaiita sayansi, na nyumba ilinuka wiki nzima.

Nakumbuka Agosti na upepo wake, zile tiara za mifuko ya plastiki na njiti za ufagio. Uliniuliza pembe iwe digrii ngapi, nikajifanya najua. Ya Esther ilipaa, yangu ilinasa kwenye waya wa umeme na bado ipo, nimeiona juzi. Nakumbuka Desemba na lichi, tunanunua tawi zima barabarani, na kila aliyetaka kula lichi ilimbidi kwanza ataje mji mkuu wa nchi moja. Mama yako hakutaja hata mmoja na ndiye aliyekula nyingi. Na yule nyani mdogo wa Berea aliyeingia dirishani siku tulipokuwa tunagawanya ndizi robo na nusu, akabeba swali zima. Ulisema, "Papa, sasa jibu ni sifuri." Nilicheka hadi nikakaa chini.

Na zile Jumanne za Februari. Bahari ina joto, ufuko mtupu, watoto wengine wote wako madarasani, na sisi watatu tuna mchanga wote peke yetu. Siku moja, ukiwa na miaka kumi na minne hivi, ulisimama unawatazama wale wazee wawili waliokuwa wanavua kwa mbali, ukaniuliza, "Papa, juu ya nini tunakuyaka siku zenye haziko watu?" Nilikujibu kwamba tunakuja katikati ya wiki kwa kuwa bahari ni safi zaidi. Ni kweli kwamba Jumamosi nilikuwa kazini. Lakini hata nilipopewa Jumamosi ya mapumziko, na nilipewa, sikuwapeleka. Niliogopa kukutana na wenye magari nikiwa nimekushika mkono. Ulitaka rafiki, na mimi nilikupa ufuko mtupu nikauita uhuru.

Halafu ile siku ya chakula. Ulikuwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa nimesahau bakuli langu, na wewe, bila kuambiwa na mtu, ulipanda taxi mpaka Westville kuniletea. Uliuliza ofisi ya walinzi ukaelekezwa nje, kwenye jua. Nilikuwa nasukuma troli ya bwana mmoja. Uliita, "Papa." Yule bwana akageuka akatutazama wote wawili, na mimi nikakuambia, kwa Kiingereza, "Yes, miss? Can I help you?"

 Uliweka bakuli juu ya ukuta mfupi wa maua ukaondoka. Nilikula chakula kile kwa sababu nilikuwa na njaa. Jioni nilirudi nikiwa nimeandaa maneno, lakini ulikuwa unamsomea Esther na hukuinua macho. Asubuhi yake niliikuta fulana yangu kwenye mgongo wa kiti. Ilikuwa imetolewa kwenye mfuko mweusi, imefuliwa, imepigwa pasi mpaka kwenye ile mistari ya kung'aa, ambayo haitakiwi kupigwa pasi na ilikuwa imeungua kidogo. Hatukuwahi kuizungumzia. Tangu siku hiyo uliifua kila Jumapili.

Nilipaswa kukuambia siku ile. Kitu nilichokiogopa, kile kilichonifanya nikunyime shule, kilikuwa kimeshatokea, na wewe ulikijibu kwa pasi. Hapakuwa na sababu tena. Bado nikanyamaza miaka mitatu mingine, kwa kuwa uongo wenyewe ulikuwa umegeuka kuwa aibu kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mwaka jana ulipofanya mtihani wa matric, ule wa kumaliza sekondari, kama mtahiniwa wa nje, msimamizi aliniambia kitu langoni akidhani ananichekesha. Alisema binti yako anafuta sana, amemaliza ufutio mzima. Ulipofika nyumbani uliniambia ulikuwa na jibu la swali la tisa, ukalifuta, ukaandika lingine, kisha ukalijua lile la kwanza ndilo. Ukacheka. Mimi nilikwenda bafuni nikafungua maji. Ulifaulu hata hivyo, kwa nguvu zako na akili zako, na kanisa zima likanipongeza mimi. Wakasema, "Papa Furaha, professeur, mwalimu wetu, tunakupigia makofi." Nilisimama nikapungia mkono.

Mama yako alijua wiki tatu zilizopita. Alikuwa anatafuta cheti chako cha kuzaliwa kwa ajili ya chuo, akafungua bahasha yenye diploma yangu, na barua ya shule ilikuwa ndani. Usiniulize kwa nini sikuichana. Nadhani nilitaka kuwe na mahali fulani ambapo ulikuwa umefaulu. Aliiweka mbele yangu mezani.

"Papa Furaha, hii barua iko nasema mtoto alipita."

Nikasema ndiyo.

"Alipita. Na ulituambia nini?"

Nikamweleza yote, sarafu, kioo, yule binti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mi naosha vichwa vya watu miaka nane. Ulishaka nisikia nasema nina haya?" Na baadaye, akiwa ameshasimama: "Utamwambia weye, ao nimwambie miye. Lakini hataenda Johannesburg na ule uongo." Tangu hapo ananipakulia chakula na kuniuliza kama nataka chumvi, na mengine hatusemi.

Esther anaanza shule Jumatano. Hujaambiwa kwa kuwa jibu lilikuja jana. Nilizunguka shule tatu, na nilikwenda moja kwa moja kutoka kazini, na fulana mwilini. Kwenye fomu niliandika mlinzi wa magari. Nikamwangalia katibu akiisoma, nikingoja. Aliniuliza tu kama mtoto ana kadi ya chanjo. Miaka sita yako, Furaha, na aliloniuliza ni kadi ya chanjo.

Unakwenda kuwa mwalimu, na sina haki ya kukufundisha ualimu, ila hili nimelilipia, au tuseme wewe umelilipia. Siku moja utachoka, au utaaibishwa na mtu mkubwa nje ya darasa, kisha utaingia ndani na mtoto atakuletea daftari. Mtazame mtoto. Jibu lake likiwa sahihi mwambie ni sahihi, hata kama siku hiyo huna furaha ya kumpa mtu. Na ukimkosea, rudi kwake siku hiyo hiyo. Ukilala nalo usiku mmoja, wa pili unakuwa mgumu zaidi, mimi ni shahidi.

Na ukiwa kwenye chumba cha mtihani huko, mkono ukaenda kwenye ufutio, jua kwamba mkono huo niliuzoeza mimi. Ule wa kwanza, ulioandika jibu, ndio wako.

Sikuombi unisamehe leo. Una safari, na msamaha wa haraka haraka, kwa sababu kesho kuna basi, sitaki nikufanye uutoe. Ukitaka kesho nisije kituoni, mwambie mama yako, nitabaki na Esther. Ukikaa miezi bila kunipigia, nitauliza habari zako kwa mama na sitanung'unika. Nakupenda. Nilikupenda na siku ile nikikudanganya, na najua hilo halipunguzi kitu.

Ndani ya bahasha hii nimetia ile barua ya shule. Ina jina lako, imepigwa mhuri. Ni yako, tangu ilipoandikwa.

Nasikia mama yako kwenye ngazi, anamgombeza Esther, kwa hiyo nimebakiwa na dakika chache. Watu wa kanisa watajaa sebuleni, wataimba, halafu watakuambia usimame. Ushuhuda ni wako. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini ukisimama kusema, usiseme kwamba ulianguka. Sema ulipita, na wakiuliza basi ilikuwaje, waambie ilivyokuwa. Nitakuwa nimekaa mbele, karibu na mlango, na sitatoka.

Baba yako